Paka Akikojoa Kitandani Asipigwe



Naomba nafasi katika kurasa zetu za Kiswahili niseme jambo ambalo wengine wataliona dogo, na pengine watacheka. Nataka kusema habari za mkojo wa paka. Katika magazeti yetu ya nyuma nimesoma habari za mpira, safari za Jinja na Fort Portal, mawaidha juu ya mitihani, na insha kadha za kumsifu mbwa. Paka hatajwi ila akiiba nyama. Lakini wengi wetu tulioacha shule zamani twafuga paka siku hizi, maana panya wa mjini hawana adabu, na katika kila nyumba yenye paka hufika siku ambayo mtu hunusa godoro lake na kuuliza, "Nani?"

Jawabu hutolewa upesi. Paka ana kiburi. Paka analipiza kisasi kwa kuwa alinyimwa samaki. Paka amelogwa, hili nalo nimelisikia, tena kwa mtu mwenye shahada. Baada ya hukumu hufuata adhabu. Hupigwa kwa ndala, husuguliwa pua katika mkojo wake, na akirudia hutiwa katika gunia akatupwa karibu na soko usiku. Mimi naona hukumu hiyo si ya haki, kwa sababu mshitakiwa hakutazamwa kama anaumwa.

Tutazame kwanza mwili wake. Paka wa nyumbani ametokana na kimburu, yule paka wa mwitu aliyeko Afrika na katika nchi za Mashariki ya Kati. Mwaka 2007 wataalamu waliolinganisha chembe za urithi za paka wengi walithibitisha jambo hilo. Kimburu aweza kuishi katika nchi kavu, mahali ambapo hapati kisima kila siku. Maji mengi huyapata katika nyama anayokula, kwani mwili wa panya karibu sehemu saba katika kumi ni maji. Figo zake nazo ni hodari wa kubana maji, mkojo ukatoka kidogo na mzito. Mpango huu wafaa sana kwa mwindaji. Haumfai paka wa ghorofani kule Ntinda, ambaye asubuhi hula mukene mkavu na jioni hula biskuti za dukani, wala hana mazoea ya kunywa. Biskuti zile zina maji kama sehemu moja tu katika kumi. Mkojo wake huwa mzito kupita kiasi, na chumvichumvi zilizomo huweza kushikana zikawa chenga kama mchanga laini, ambazo madaktari huziita fuwele. Chenga hizo pamoja na ute wa kibofu zaweza kuziba njia.

Kama msomaji hana wakati wa kusoma barua hii yote, na asome maneno haya yanayofuata. Paka dume ana njia ya mkojo nyembamba mno, na mwisho wake ni mwembamba zaidi. Njia hiyo ikizibwa kabisa, halipiti hata tone. Kibofu hujaa kikawa kigumu kama chungwa bichi. Uchafu ambao figo zilikuwa zikiutoa hubaki katika damu, madini ya potasiamu huzidi, na moyo hushindwa kupiga. Paka aliyezibwa hivyo hufa katika siku mbili tatu, na pengine upesi zaidi. Si ugonjwa wa kungojea Jumatatu. Paka jike huzibwa mara chache, kwa kuwa njia yake ni fupi na pana, lakini maumivu ya kibofu humpata naye.

Dalili zake hazijifichi. Huenda mahali pake pa haja mara kwa mara, huchuchumaa muda mrefu, kisha huinuka bila kuacha kitu, au huacha tone lenye damu. Hulia. Hujiramba sehemu za chini bila kupumzika. Kwa kuwa sanduku lake limekuwa mahali pa maumivu, hutafuta mahali pengine: beseni, sakafu ya bafu, nguo zilizokunjwa, na kitanda. Kumbe kile tunachokiita ujeuri ni mgonjwa anayetafuta mahali pasipouma. Baadaye hutapika, hukataa chakula, na hujificha chini ya kabati.

Mtu mwenye papara humwona anajikamua, akasema amefunga choo. Jirani yangu mmoja, mzee mstaafu mwenye heshima zake, aliniita Jumamosi moja jioni nimsaidie kumshika paka ili amnyweshe mafuta ya kupikia.

"Kijana," akasema, "huyu tangu jana ananifanyia kiburi. Amekojoa katika beseni la mama. Sasa choo kimemfunga, ndiyo malipo yake."

"Samahani, mzee," nikamwambia, "hebu tulitazame beseni lenyewe kwanza."

Katika beseni mlikuwa na matone matatu mekundu, basi. Mtu aliyekojoa kwa kiburi huacha zaidi ya matone matatu. Nilimgusa paka tumboni kwa ncha za vidole, nikakuta kitu kigumu cha mviringo, naye akalia kilio ambacho mzee mwenyewe hakukipenda. Tulimtia katika kikapu cha matoke, tukakifunika kwa khanga, nami nikapanda boda-boda nikiwa nimekipakata. Daktari wa wanyama alimlaza kwa dawa ya usingizi, akaingiza mpira mwembamba sana katika njia ya mkojo, akaisafisha, kisha akamtundikia maji katika mshipa. Paka alilala huko siku tatu. Yuko hai mpaka leo, na mzee humpa mukene uliolowekwa katika bakuli la maji.

Katika jengo lilo hilo palikuwa na paka mwingine, dume wa rangi ya majivu. Mwenyewe aliambiwa na marafiki kwamba paka akianza tabia hiyo haachi mpaka afukuzwe. Akamfungia nje Ijumaa usiku. Jumapili asubuhi watoto walimkuta chini ya ngazi amekwisha kufa, tumbo limekaza. Sisemi haya nimwaibishe mtu. Nasema kwa kuwa paka wote wawili walikuwa na dalili zile zile, na tofauti yao ilikuwa mtu mmoja kutazama ndani ya beseni.

Na mnisikilize juu ya dawa. Msimkamue paka tumbo kwa mikono, maana kibofu kilichojaa chaweza kupasuka. Msimpe Panadol. Dawa hiyo ituondoleayo kichwa ni sumu kali kwa paka, kwa sababu mwili wake hauwezi kuivunja, na kidonge kimoja tu chaweza kumwua. Wala msimpe vidonge vya rangi mbili vilivyobaki katika sanduku la dawa la nyumbani. Katika paka ambaye hajafika miaka kumi, ugonjwa wa kibofu mara chache hutokana na vijidudu ambavyo vidonge vile huviua. Mtu hudhani ametibu, kumbe amepoteza siku mbili.

Yuko paka mwingine ambaye njia yake haikuzibwa, hana chenga, hana vijidudu, na bado ana damu katika mkojo na hukojoa juu ya mito. Kati ya paka wasio wazee hawa ndio wengi kuliko wote. Madaktari hukiita kivimbe hicho cha kibofu kwa jina linalokiri kwamba asili yake haijulikani. Lakini Marekani yuko mtaalamu, Tony Buffington, aliyekuwa katika Chuo Kikuu cha Ohio State, aliyewasoma paka hawa miaka mingi, na neno lake kubwa ni kwamba tusitazame kibofu peke yake, tutazame na nyumba. Mwaka 2011 yeye na wenzake walitoa habari za paka 32 waliokaa nao, wagonjwa 20 na wazima 12. Mambo ya kawaida yalipovurugika, kama vile wakati wa chakula kubadilika au mlinzi mpya kuingia, paka walianza kutapika, kukataa chakula na kukosea sanduku. Jambo la kutia maanani ni kwamba hata wale wazima walifanya hivyo.

Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka dada yangu. Paka wake hakukosea hata siku moja kwa miaka minne. Kisha mwezi mmoja shemeji yangu akaleta kochi jipya, wakaja wageni watano wa harusi kutoka Mbarara, na sanduku la mchanga likahamishiwa karibu na mashine ya kufulia. Paka akakojoa juu ya kochi. Nyumba nzima ikasema ana wivu wa kochi! Dada yangu, ambaye ana subira kuliko mimi, alilirudisha sanduku mahali pake pa zamani, akamwekea paka katoni tupu juu ya kabati apate kujificha, akamlisha saa zile zile kila siku, wageni wakaenda zao. Mambo yakatulia katika wiki mbili. Fimbo ingefanya nini pale? Mwoga akipigwa huzidi kuogopa, na hofu ndiyo iliyomharibu kibofu.

Sasa nije katika sanduku lenyewe, maana mara nyingi hapana ugonjwa wowote ila uchafu wetu. Paka kwa asili yake hufukua, huenda haja, hufukia. Zamani watu wa Ulaya na Marekani waliokuwa na paka ndani ya nyumba waliweka majivu au mchanga. Mwaka 1947, katika mji mdogo wa Cassopolis katika Michigan, mchanga wa mama mmoja uliganda kwa baridi, akaenda kwa jirani yake Edward Lowe kumwomba kitu kingine. Lowe alikuwa akiuza udongo mkavu wa punje punje, wa kunyonya mafuta yaliyomwagika katika viwanda. Akampa huo. Yule mama akarudi kutaka mwingine, na Lowe akaona biashara. Siku hizi udongo wa namna hiyo huuzwa hata Kampala katika maduka makubwa, kwa bei ya kumfanya mtu aurudishe mfuko mahali pake. Lakini paka hajui bei. Mchanga mkavu wa kawaida uliochekechwa wamtosha, na unga wa mbao nao wafaa ikiwa mbao hazikutiwa dawa.

Yanayomchukiza ni mengine. Sanduku likiwa dogo hata mkia wamtokea nje, hulikataa. Urefu wake uwe kama mara moja na nusu ya urefu wa paka. Likiwa karibu na bakuli la chakula, hulikataa. Nani kati yetu angekula chooni? Likiwa mahali pa makelele, au mahali ambapo paka mwingine humvizia njiani, hulikataa. Udongo ukitiwa manukato ya maua ili sisi tufurahi, pua yake yaona kama ubani mbichi umechomwa usoni pake. Na zaidi ya yote ni kutosafishwa. Kinyesi na mabonge ya mkojo yaondolewe kila siku, na kila juma mchanga wote umwagwe, sanduku lioshwe kwa maji na sabuni. Mwenye paka wawili aweke masanduku matatu, wala yasipangwe pamoja kama madawati. Najua mtu atasema nyumba yake ni ya vyumba viwili. Basi afuge paka mmoja.

Kusafisha kila siku kuna faida kwa watu pia. Katika kinyesi cha paka mwaweza kuwamo kijidudu kiitwacho toksoplasma, kinachoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni mwa mama. Lakini kijidudu hicho hakiambukizi saa ile ile kinapotoka. Chahitaji siku moja hadi tano. Anayeondoa kinyesi kila siku hukiwahi. Mama mjamzito ampe mtu mwingine kazi hiyo, wala hapana haja ya kumfukuza paka kwa sababu hiyo peke yake.

Mahali palipokojolewa pasipopanguswa vizuri patakojolewa tena, maana harufu humwambia paka kwamba hapa ndipo. Panguseni kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kisha kwa siki iliyochanganywa na maji. Jik isimwagwe juu ya mkojo: huchanganyika nao ikatoa hewa ya kukaba koo, na nimemwona mpishi mmoja akitoka chooni kwa machozi kama aliyefiwa.

Nisichanganye mambo, lakini. Kukojoa ni mbali na kunyunyiza. Paka anayesimama wima, mkia juu ukitetemeka, akarusha mkojo ukutani au mlangoni, huyo anaandika jina lake. Aghalabu ni dume asiyehasiwa. Kwa huyo dawa ni kumhasi kwa daktari, na katika kila madume kumi waliohasiwa, kama tisa hupunguza sana au huacha kabisa. Wengine wetu twaona haya kumhasi dume, sijui kwa nini. Yeye hatakuja kulalamika barazani. Na paka mzee anayekunywa maji mengi na kukojoa mengi apelekwe kwa daktari, kwa kuwa huenda figo zimechoka au ana kisukari.

Natazamia swali la wenzangu, tena ni swali la haki. Watasema, "Watoto wa ndugu zetu wamerudishwa nyumbani kwa kukosa ada, nawe wataka tumlipie paka daktari?" Sitawajibu kwa maneno matamu. Kumzibua paka kwataka fedha, na hata akizibuliwa aweza kuzibwa tena. Wengine hawana fedha hiyo, wala si dhambi kutokuwa nayo. Lakini maji katika bakuli hayana ada. Mukene kuloweka hakuna ada. Mchanga hauna ada. Na ikiwa siku imefika, dume amezibwa, na mfuko ni mtupu, mwenye paka na amwambie daktari waziwazi, naye amlaze paka usingizi usio na maumivu. Hilo lagharimu kidogo na ni la kiungwana. Lisilo la kiungwana ni kumwacha siku mbili chini ya ngazi kibofu kikijaa, huku tukisema atajifunza adabu. Mtu aliyechukua paka amkamatie panya amechukua na mzigo wa kumtazama.

Nimeiacha habari ya shuleni mwisho. Nilipokuja kutazama mechi muhula uliopita, nilisikia kwamba paka wa stoo ya unga amehukumiwa kuondolewa kwa sababu amekojoa juu ya magunia ya maharagwe. Malalamiko ya wapishi ni ya kweli. Chakula cha wavulana si mahali pa mkojo. Lakini nilikwenda kuitazama stoo. Paka hufungiwa humo saa moja jioni hata saa moja asubuhi. Sakafu ni saruji tupu, hapana udongo hata wa kujaza kopo, wala maji. Kwa saa kumi na mbili mnyama huyu anatazamiwa kukamata panya na kubana mkojo. Katika stoo nzima gunia ndilo kitu pekee kilicho laini. Je, angekwenda wapi? Na akiondolewa, panya watabaki, nao hawaendi haja mahali pamoja. Huenda kila watembeapo, juu ya posho na maharagwe pia.

Ombi langu kwa Mwalimu wa zamu na kwa viranja ni hili. Lile karai la zamani lililotoboka ukingoni, liko nyuma ya jiko, liwekwe katika pembe ya stoo iliyo mbali na magunia, litiwe mchanga wa kina cha vidole vitatu. Mchanga uko tele karibu na kiwanja cha mpira. Bakuli la maji liwekwe upande mwingine. Magunia yainuliwe juu ya mbao, na lile lililokojolewa litolewe, na mahali pale pasuguliwe kwa siki. Kijana mmoja wa kidato cha pili awe na zamu ya kusafisha karai kila asubuhi kabla ya gwaride, anawe mikono, aandike katika daftari kama amekuta mkojo au hakukuta, na kama una damu. Ikiwa ni dume, ahasiwe kwa daktari, si kwa wembe wa bwenini. Makerere kuna chuo cha udaktari wa wanyama, na wako wanafunzi wa zamani wa shule yetu waliopita huko. Mmoja wao akiandikiwa barua hatakataa kuja. Nauli yake ya kwanza nitailipa mimi.

Wenu,
Mwanafunzi wa Zamani,
Kampala.